Hodi Tatu: shajara ya kutunga sheria za udukuzi kwa mchezo wetu wa mezani

Jumamosi, 11 Januari 2025: Dakika 52

Tuko watano. Hukutana Jumamosi baada ya alasiri, chumba cha juu nyumbani kwetu Kibokoni. Mmoja anasimulia, wanne wanaigiza wahusika, na dadu huamua pale ambapo neno la msimulizi halitoshi. Hadithi yetu ni ya saibapanki: Mombasa ya mwaka 2081, bahari imepanda, kisiwa kimezungushiwa ukuta, na makampuni yanamiliki maji, nyaya na hata macho ya bandia ambayo watu wamewekewa kwa mkopo. Msimulizi ni mimi. Mchana kazi yangu ni kufunga nyaya za mtandao maofisini, kwa hivyo sehemu ya udukuzi, yaani kuingia mitandao ya watu bila ruhusa, ndiyo niipendayo kuliko zote, na ndiyo iliyotuharibia mchezo.

Wiki iliyopita fundi wa simu, anayeigiza mdukuzi, aliingia kwenye mtandao wa ghala moja la Shimanzi. Mimi na yeye tukazama humo: mlango huu, programu ile, mlinzi yule, dadu, dadu, dadu. Nilipoinua kichwa dakika 52 zilikuwa zimekwisha. Binamu yangu alikuwa ameshuka kununua viazi karai, amerudi, amekula. Mhasibu alikuwa kwenye simu yake. Mwalimu alikuwa ametoa madaftari, anasahihisha insha za gredi ya sita. Hayo madaftari ndiyo yaliyoniuma. Mtu ametoka Changamwe kwa nauli yake aje kucheza, nami nimemfanyia ofisi.

Ugonjwa huu una umri. Michezo ya mezani ya aina hii, Shadowrun ya 1989 na Cyberpunk 2020 ya 1990, yote ilimpa mdukuzi ulimwengu wake wa kutembea peke yake, na meza nzima ikakaa kumngoja. Cyberpunk RED, iliyotoka 2020, ilimrudisha kwa wenzake kwa kumtaka awe ndani ya mita 6 za mahali pa kuingilia. Wazo hilo la umbali nimeliweka kando, nitalihitaji.

Sharti nililojiwekea ni moja. Simu inakaa mezani ikihesabu, na hakuna mchezaji atakayekaa kimya zaidi ya dakika 5 mdukuzi akiwa kazini. Naandika shajara hii ili kundi jingine lenye shida hii lisirudie gharama zangu.

Jumamosi, 25 Januari 2025: Kitabu cha kurasa 22

Kosa la kwanza lilitokana na kujua mno. Niliandika sheria za mtandao jinsi ninavyoujua kazini: programu 14 za kushambulia na kujilinda, kasi ya mashine, nafasi ya kumbukumbu, majedwali manne ya kutazama kila dadu inapoanguka. Kurasa 22, nakala 6, shilingi 5 kila ukurasa: shilingi 660. Nikanunua na seti mbili za ludo kwa shilingi 300 ili tupate dadu za kutosha. Dadu za pembe nyingi zinazotumika kwenye michezo ya nchi za nje sikuzitafuta. Nataka mtu yeyote mwenye ludo nyumbani aweze kucheza.

Tulianza saa kumi na nusu. Fundi, ambaye anapenda mashine kuliko sisi wote, aliniuliza mara tatu atazame jedwali gani. Kimya kirefu zaidi kilikuwa cha mhasibu: dakika 31. Tukasimamisha.

Jioni hiyohiyo nikajaribu upande wa pili kabisa. Dadu mbili, jumlisha ufundi wako, ukipata 9 umeingia na umepata ulichotaka. Ilichukua chini ya dakika moja. Kila mtu akafurahi isipokuwa mwenyewe.

"Yakhe," akaniambia, "kwani mimi ni ufunguo?"

Alikuwa na haki. Mwalimu akipigana na walinzi hupata nusu saa ya kuchagua: ajifiche wapi, apige nani, akimbie lini. Mdukuzi anarusha dadu mara moja kisha anawekwa mfukoni. Nilikuwa nimewaponya wanne kwa kumtoa wa tano.

Kitabu cha kurasa 22 nimekitupa. Upande wa nyuma wa karatasi tunaandikia alama.

Jumamosi, 8 Februari 2025: Nyumba ya bibi

Jibu lilikuwa mlangoni kwa bibi yangu, Mji wa Kale.

Jana baada ya swala ya Ijumaa nilimpelekea samaki. Nikapiga hodi, kimya. Nikapiga ya pili. Mzee aliyekuwa barazani na tasbihi yake akaniambia, "Piga ya tatu. Usipojibiwa, rudi." Adabu hiyo nimelelewa nayo, tumefundishwa sote chuo cha Kurani tukiwa wadogo: hodi ni tatu. Lakini nilipoisikia pale, mfuko wa samaki ukidondoka maji kwenye kiatu changu, nikaiona ni sheria ya mchezo iliyokwisha kutungwa. Unajaribu mara tatu. Baada ya hapo mwenye nyumba ana haki ya kuuliza wewe ni nani na wataka nini.

Na nyumba yenyewe je? Barazani hukaa yeyote, hata mpita njia. Dakani, pale mlangoni, huishia mgeni ambaye hajajulikana. Ukumbini hukaribishwa anayejulikana. Ndani ni kwa watu wa nyumba peke yao. Mitandao ninayoifunga kila siku imepangwa hivyohivyo: kuna ukurasa ambao dunia nzima inauona, kuna mahali pa kuweka jina na nenosiri, kuna mafaili ya kazi ya kila siku, na kuna yale ya mwenye mali. Nimekuwa nikitafuta picha ya mtandao kwenye vitabu, nayo nimezaliwa ndani yake.

Kwa hivyo kila mtandao katika mchezo wetu sasa ni nyumba yenye sehemu nne: Baraza, Daka, Ukumbi, Ndani. Nimeichora kwenye manila (nne, shilingi 160, na kalamu za wino mzito mbili, shilingi 100) na inakaa mezani kando ya ramani ya mtaa. Mdukuzi ana namba mbili, kila moja kati ya 0 na 3: Mkono, yaani ufundi wake, na Ulimi, yaani maneno yake. Kukaa Baraza hakuhitaji dadu. Kupita kila sehemu nyingine ni hodi: dadu mbili, jumlisha namba yako. Ukikosa, komwe moja inawekwa mezani. Komwe ya tatu ikiwekwa, mwenye nyumba ameamka. Komwe nimeazima kwenye bao la babu, hazikunigharimu kitu.

Ulimi unatumika Daka tu, na lazima kuwe na mtu hai wa kuzungumza naye. Hilo nimelitoa kazini. Ofisi moja mjini niliyokwenda kuwafungia nyaya ilikuwa na mitambo ya bei kubwa ya kuzuia wezi wa mtandaoni, na nenosiri la mitambo hiyo limebandikwa nyuma ya kalenda ukutani. Aliyenionyesha ni kijana wa mapokezi. Sikumwomba, nilimwuliza tu nichomeke wapi. Wezi wengi wa kweli huanza hivyo, kwa mtu mwema mwenye haraka.

Na la muhimu kuliko yote: hodi moja ni zamu moja. Ukipiga hodi zamu yako imekwisha, mwalimu anapigana zamu yake, binamu anaendesha zamu yake, mhasibu anabembeleza zamu yake, ndipo tunakurudia. Saa ya mtandao na saa ya mtaa ni moja.

Jaribio la leo liliharibika kwenye namba. Nilikuwa nimeweka 8 kwa Daka, 10 kwa Ukumbi, 12 kwa Ndani, na fundi mwenye Mkono 2 alishindwa mara nne mfululizo. Usiku nimekaa na kalamu. Dadu mbili zina miangukio 36. Kwa Mkono 2, Daka ya 8 inataka 6 au zaidi kwenye dadu, njia 26. Ukumbi unataka 8, njia 15. Ndani inataka 10, njia 6 tu. Ukihesabu na zile nafasi mbili za kukosa kabla ya komwe ya tatu, mtu anafika Ndani kama mara 23 au 24 kwa 100. Sio haki kwa mhusika ambaye kazi yake ni hiyo.

Nimeshusha kila moja kwa 1: 7, 9, 11. Njia zinakuwa 30, 21 na 10, na kufika Ndani kunapanda hadi karibu 48 kwa 100. Tone moja la dadu, na nafasi imeongezeka mara mbili. Anayenakili asiguse namba hizi bila kuhesabu kwanza.

Jumamosi, 22 Februari 2025: Mtandao una mwili

Zamu zimetengemaa, kimya kirefu kimeshuka hadi dakika 9. Bado ni nyingi, na sababu yake ilikuwa tuktuk.

Sheria yangu ilisema mdukuzi awe karibu na jengo. Fundi akafanya ambalo mtu yeyote mwenye akili angefanya: akakaa kwenye tuktuk ya binamu nje ya lango kuanzia mwanzo hadi mwisho. Hivyo wawili wakawa salama ndani ya tuktuk, wawili wanahangaika ndani ya jengo, na hadithi ikapasuka vipande viwili. Binamu mwenyewe alisema dereva aliyeegesha hana la kufanya.

Nikarudi kwenye ninachokijua. Watu huongea juu ya mtandao kana kwamba uko hewani. Sisi watu wa Mombasa tuna sababu ya kujua vingine, kwa sababu unatua hapa kwetu, kwenye fukwe hizihizi. Waya wa TEAMS ulivutwa chini ya bahari kutoka Fujairah, Falme za Kiarabu, ukafika 2009, SEACOM mwaka huohuo, EASSy ikafuata 2010, LION2 ikaanza kazi 2012. Na Februari 2012 meli iliyokuwa ikingoja kuingia bandarini ilishusha nanga mahali pasiporuhusiwa, ikaukata TEAMS. Nanga ya chuma, kamba ya kioo, na kurasa zikagoma kufunguka mbali huko bara. Nakumbuka saiba ya mtaani kwetu, watu wamekaa mbele ya kompyuta wanangoja, mwenye saiba anawarudishia pesa zao.

Basi sheria mpya: mdukuzi lazima auguse mwili wa mtandao huo. Awe anaiona kwa macho ruta yao, kile kisanduku kinachogawa mtandao, au ameshika waya wao, au amekaa mbele ya mashine yao. Kukaa nje ya lango hakutoshi. Kwa hivyo mdukuzi lazima aingie na wenzake, wenzake lazima wamfikishe, na mtu wa kumtoa lazima awe tayari. Binamu akapata kazi papo hapo: kuendesha tuktuk kwenye kichochoro cha nyuma ambako sanduku la nyaya limefungwa ukutani juu ya kichwa, huku fundi amesimama kwenye kiti cha abiria amejishika paani.

Nikaongeza na sheria ya Mkono wa Jirani: mwenzako akikusaidia unapata 1 zaidi. Hii iliharibika ndani ya dakika kumi. Kila hodi ilipofika, watatu walisema kwa pamoja, "Namsaidia." Walikuwa hawafanyi kitu, wanasema tu. Kwa 3 hizo za bure, hodi ya Ndani peke yake ikatoka 28 kwa 100 ikawa 72. Nyumba ikawa haina mlango.

Nimeirekebisha hivi. Msaidizi ni mmoja kwa kila hodi. Lazima aseme anafanya nini, mahali alipo, kwa vitu vilivyopo: anazima stima ya ghorofa ili mashine ziwake upya, anamshika mlinzi kwa maneno, anasoma karatasi iliyo chini ya kibodi. Na hodi ikikosa, taabu inamwangukia msaidizi: yeye ndiye anayeonekana. Baada ya hapo hakuna aliyesema "namsaidia" kwa mdomo mtupu. Mhasibu alifikiri kwa nusu dakika nzima, akisugua dadu kiganjani, kabla ya kuamua kumwangushia mlinzi kikombe cha kahawa.

Jumamosi, 22 Machi 2025: Kifo nilichokikosea

Ni Ramadhani, tunacheza baada ya tarawehe, na leo tulikuwa wanne. Fundi hakuja.

Wiki iliyopita komwe ya tatu iliwekwa akiwa Ukumbini. Sheria niliyokuwa nayo ilisema kiungo cha kuunganishia mtandao kichwani mwake kinaungua, mhusika anakufa. Niliiandika hivyo kwa sababu hadithi nyingi za aina hii zinapenda mdukuzi anayetokwa damu puani. Mhusika huyo alimbuni Septemba. Alikuwa na jina, deni, dada mdogo anayemsomesha. Dadu ziliangukia 2 na 1, nami nikasoma nilichoandika.

Jana kabla ya futari nilipita kibandani kwake. Alikuwa ameinama juu ya simu iliyofunguliwa, bisibisi ndogo mkononi, skrubu zimepangwa kwenye kifuniko cha chupa kwa mpangilio wa zilivyotoka. Hakuinua kichwa.

"Kufa si neno," akasema. "Mwalimu amekufa mara mbili na amecheka. Lakini yeye alichagua kubaki na wale walinzi. Mimi n'likufa sijachagua kitu."

Nikamwomba radhi pale pale. Nimelifikiria usiku kucha, na naona kosa ni kubwa kuliko mhusika mmoja. Nyumbani kwetu mwenye nyumba akitoka, huwa anauliza kwanza. Anayeulizwa ana nafasi ya kujibu. Sheria yangu ilimwondolea mchezaji jibu lake.

Sasa mwenye nyumba akiamka, mdukuzi anachagua mwenyewe kati ya matatu. Kuaga: anatoka salama, anaacha kila alichochukua, na nyumba hiyo imefungwa kwake hadi hadithi iishe. Kujitaja: anapata zamu moja zaidi na anapata alichokijia, lakini mwenye nyumba amelijua jina lake, nami naliandika kwenye daftari la madeni ambalo nitalifungua siku nyingine. Kung'ang'ania: anarusha dadu dhidi ya mwenye nyumba, akishinda komwe zote zinaondolewa, akishindwa kiungo kinaungua na Mkono wake unapungua 1 wala hairudi. Kufa hakumo.

Kifo cha fundi tumekifuta kwa kura, wanne kwa wanne. Nimempigia kumwambia. Akaniuliza je, naye angeweza kuchagua Kujitaja? Nikamwambia ndiyo. Akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Basi n'jitaja." Daftari la madeni lina jina la kwanza.

Jumamosi, 12 Aprili 2025: Shangazi barazani

Binamu alikuwa Malindi, tukapungukiwa. Shangazi alikuwa amepanda kutuletea mahamri na mbaazi. Nikamwomba akae kitini kwa binamu kwa jioni moja. Hajawahi kucheza mchezo kama huu, na kompyuta kwake ni kitu cha ofisini.

Nilijiandaa kueleza. Sikuhitaji. Nilimwonyesha ile manila, Baraza, Daka, Ukumbi, Ndani, nikamwambia hodi ni tatu, akasema, "Naam, kisha?" Kurasa 22 za Januari, na mtu ameelewa kwa "Naam, kisha."

Tulimpa mhusika wa udukuzi makusudi, fundi akachukua tuktuk. Kazi ilikuwa kujua kontena gani Kilindini lina dawa zilizofichwa. Akaketi Baraza. Zamu yake ikafika, nikamwuliza anapiga hodi?

"Sipigi. Nakaa."

Zamu ya pili ikafika. "Nimekaa."

Nikamweleza kwa upole kwamba pale Baraza hakuna kitu, ni ukurasa wa nje tu. Akanitazama kama nimesema jambo la kitoto.

"Mwanangu, mimi nauza mahamri mlangoni miaka ishirini. Sijaingia nyumba ya mtu. Lakini nani ameposa, nani ana deni, nani ameuza shamba la urithi bila ndugu kujua, yote nayajua. Wapita. Wasema. Mimi nakaanga."

Chumba kizima kikanyamaza, na saa ya simu ikiendelea kuhesabu sikuwa na wasiwasi nayo. Nilikuwa nimejenga sehemu nne na moja nimeiacha tupu, ile ambayo kila mtu Mombasa anajua ina faida gani. Wadukuzi wa kweli pia hukaa sana nje kabla ya kugusa mlango: wanasoma tangazo la kazi linalotaja mashine zinazotumika, wanatazama picha za sherehe ya ofisi zenye kioo cha kompyuta nyuma, wanajua meneja yuko safarini. Najua hayo. Sikuyaandika kwa sababu hayana dadu.

Sheria ya Baraza, iliyotokana naye: kila zamu unayokaa bila hodi, unaniuliza swali moja kuhusu nyumba hiyo, nami nakujibu ukweli ambao mtu wa nje angeweza kuujua. Jibu ukilitumia baadaye kwenye hodi, unapata 2 zaidi. Lakini zamu zinakwenda kwa wote, na wenzako walio ndani ya jengo wanazihesabu kwa jasho.

Shangazi aliuliza maswali matatu. La tatu lilikuwa: "Huyu karani wa zamu ya usiku, mkewe amezaa?" Sikuwa nimebuni karani wala mke. Nikasema ndiyo, juzi. Akapiga hodi ya Daka kwa Ulimi, akajifanya muuguzi wa zahanati anayetafuta baba mtoto, na karani akamfungulia mwenyewe. Dadu zilitoa 4, lakini kwa Ulimi 1 na zile 2 za Baraza ikawa 7 kamili. Mwalimu alipiga meza hadi komwe zikaruka.

Jumamosi, 3 Mei 2025: Wikio

Hili fupi. Niliongeza njia ya kuvuka kutoka mtandao mmoja hadi mwingine, nikaiita wikio, kama kile kipito cha juu kinachounganisha ghorofa za nyumba mbili juu ya kichochoro ili watu wa ndani wavuke bila kushuka njiani. Ukiwa Ukumbini kwa jirani, wikio inakufikisha Ukumbini kwa unayemtaka, bila Daka.

Ikaharibu kila kitu kwa jioni moja. Wachezaji wakaanza kutafuta wikio kila mahali. Waliingia kwenye mtandao wa duka la juisi, wakavuka kwa mwenye jengo, wakavuka kwa kampuni ya ulinzi, wakaibukia bandarini, na hakuna aliyeinuka kwenye kiti cha duka la juisi. Ile sheria ya mwili wa mtandao ikafa bila kuguswa.

Marekebisho ni matatu na yote yamekaa. Kila hadithi ina wikio moja tu. Haionekani kwa dadu, lazima mtu aliyeishi au kufanya kazi humo awaambie, kwa hivyo kuna mazungumzo kwanza, na hapo mhasibu anang'aa. Na komwe zako unavuka nazo, kisha njia inapitika pande zote: mwenye nyumba akiamka upande wa pili, anaweza kuvuka akakufuata hadi kwa yule jirani aliyekupokea. Leo walikuwa na wikio na wakaamua kutoitumia, kwa sababu jirani alikuwa mama mwenye duka la juisi. Walijadiliana dakika sita, wote wanne wakizungumza.

Jumamosi, 24 Mei 2025: Karatasi moja

Kati ya Machi na Aprili nilichapisha kijitabu cha kurasa 6, nakala 6, shilingi 180. Leo sheria zote ziko kwenye karatasi moja, mbele na nyuma: kurasa 2, nakala 6, shilingi 60. Jumla tangu Januari ni shilingi 1,460, na 660 kati ya hizo ni kile kitabu nilichokitupa. Anayeanza leo anahitaji ludo moja, manila mbili, kalamu na karatasi hiyo. Kama hana komwe, vizibo vya soda vinatosha, ila havina ule mlio zinapowekwa mezani, na mlio huo unafanya kazi yake: ya pili ikigonga, watu wanaacha kutafuna.

Tulicheza kuanzia saa kumi hadi magharibi. Kimya kirefu zaidi: dakika 4 na sekunde 10, cha binamu, naye alikuwa anachora ramani ya kichochoro.

Jumamosi, 14 Juni 2025: Kivuko

Leo nilijaribu mtandao unaotembea. Ruta iko ndani ya feri ya Likoni ya mwaka 2081, na inashikika tu wakati feri iko majini. Niliweka zamu 6 kwa kuvuka mara moja. Walikaa Baraza zamu 4, wakauliza maswali mazuri, kisha feri ikagusa ng'ambo wakiwa Dakani, lango likashuka, abiria wakaanza kumiminika, na mdukuzi akabaki ameshika waya uliokatika.

Walisikitika, nami pia. Mwalimu, ambaye ana dada Likoni na huvuka kila wiki, alisema tatizo ni kwamba feri yangu inavuka mara moja tu. Ya kweli huenda na kurudi. Mtu anaweza kubaki ndani akajificha asishuke, akasubiri irudi, mradi walinzi wasimwone wakati inajazwa. Kwa hivyo zamu 6 za kwenda, zamu 2 za hatari gatini, zamu 6 za kurudi, na komwe zinabaki pale zilipo.

Tutaijaribu Jumamosi ijayo. Nimenunua manila ya tano ya kuchorea feri, shilingi 40.